Kaseti za Gemu za Kariakoo

Kaseti ya gemu ni kijisanduku cha plastiki kinachoenea kiganjani. Ndani yake mna bodi ndogo, na juu ya bodi mna chipu iliyobeba gemu yenyewe, iliyoandikwa humo tangu kiwandani. Hakuna mkanda, hakuna sahani inayozunguka. Kaseti huchomekwa kwenye mashine, mashine ikaunganishwa na runinga, na swichi ikiwashwa tu gemu inatokea. Watoto wengi wa Dar es Salaam waliosoma shule ya msingi katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 na miaka michache iliyofuata walizijua gemu za runinga kwa njia hii, na kaseti zao, kwa sehemu kubwa, zilitoka maduka ya Kariakoo. Zilizobaki leo zimo makabatini, chini ya vitanda, kwenye maboksi ya mafundi wa redio na runinga, na katika mafungu ya mitumba ya vifaa vya umeme. Wapo wanaozitafuta, kuzisafisha na kuzihifadhi. Kazi yao inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana wanachookoa ni sehemu ya maisha ya mji huu ambayo haikuandikwa sana.

Wazo la kuiweka gemu kwenye kaseti inayobadilishwa lilifika madukani Marekani mwaka 1976, kwa mashine iliyoitwa Channel F, ya kampuni ya Fairchild. Aliyeongoza kazi hiyo ni Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi, na jina lake lingefaa kutajwa kila mahali panapozungumzwa gemu. Kabla ya hapo mashine nyingi za nyumbani zilikuja na gemu zake ndani. Mwenye mashine akizichoka hana la kufanya. Miaka saba baadaye, Julai 1983, Nintendo ya Japani ilitoa mashine yake ya Family Computer, maarufu kwa jina la Famicom. Pamoja na NES, ambayo ni sura yake ya Marekani na Ulaya, iliuzwa kiasi cha milioni 62 duniani kote. Mashine hiyo ndiyo chimbuko la kaseti ndogo zilizozoeleka Kariakoo.

Famicom yenyewe, hata hivyo, ilikuwa nadra mno kuonekana hapa, na sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni historia ya runinga nchini. Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu mwaka 1973, lakini Tanzania Bara haikuwa nacho. Mwaka 1974 serikali ilizuia kuingizwa kwa kompyuta na runinga, kwa hoja kwamba fedha za kigeni ni chache na nchi ina mahitaji makubwa zaidi. Biashara ilianza kulegezwa mwaka 1984, ikafunguka zaidi chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, na runinga zikaanza kuingia kwa ajili ya deki na mikanda ya video. Vituo binafsi vya runinga vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam mwaka 1994, familia nyingi zilipata sababu ya kununua seti. Gemu haiwezi kutangulia runinga. Ndiyo maana kile ambacho mtoto wa Tokyo alikichezea mwaka 1985, mwenzake wa Jangwani, Dar es Salaam, alikipata miaka kumi baadaye.

Sababu ya pili ni ya kiufundi. Umeme wa Japani ni volti 100, wa hapa ni 230. Adapta ya Kijapani ikichomekwa ukutani Kariakoo, inaungua. Na hata umeme ukitatuliwa, picha inayotolewa na mashine ya Japani ni ya mfumo wa NTSC, wakati runinga za hapa zilijengwa kwa mfumo wa PAL. Matokeo yake ni picha isiyo na rangi, au inayopanda na kushuka, au isiyopatikana kabisa.

Waliotatua tatizo hilo hawakuwa Nintendo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya UMC ya Taiwan ilitengeneza chipu zilizoiga zile za Famicom, zikiwemo za mfumo wa PAL. Viwanda vya Taiwan, na baadaye vya China Bara, vikazitumia kutengeneza mashine za kila sura na kila jina. Urusi iliipokea mashine hiyo mwaka 1992 kwa jina la Dendy. Poland iliijua kama Pegasus. China ilikuwa na Subor yenye kibodi ya kompyuta, iliyotangazwa na mwigizaji Jackie Chan. Baadaye ikaja PolyStation, yenye umbo la PlayStation kwa nje na moyo wa Famicom kwa ndani. Mfanyabiashara aliyekwenda Dubai kufuata redio na pasi, na baadaye Guangzhou, alirudi na mashine hizi pia, na kaseti zake zikiwa zimejazwa kwenye maboksi bila orodha.

Kaseti moja ya aina hiyo, ikitazamwa kwa makini, ina mengi ya kusema. Upana wake ni kama sentimita 11, kimo chake sentimita 7. Plastiki mara nyingi ni ya njano, ingawa zipo nyeusi, nyekundu na za bluu. Chini kuna mdomo wenye ukingo wa bodi na pini 60, yaani 30 kila upande. Za NES ya Ulaya na Marekani zina pini 72 na kaseti yake ni kubwa zaidi, kwa hiyo haziingiliani bila kiunganishi maalumu. Juu kuna karatasi ya picha. Picha hiyo mara nyingi haihusiani na gemu iliyomo: wanajeshi wa filamu ya Kimarekani wamebandikwa kwenye kaseti ya Contra, au katuni ya kampuni moja imewekwa juu ya gemu ya kampuni nyingine. Majina ya gemu yamekosewa herufi. Jina la kiwanda halipo, wala mwaka.

Ikifunguliwa, kaseti halali ya Kijapani kwa kawaida inaonyesha chipu yenye miguu, iliyochapwa namba, kwenye bodi nzito. Ya kuiga huwa na bodi nyembamba na tone la gundi ngumu nyeusi lililomwagwa moja kwa moja juu ya chipu isiyo na ganda. Tone hilo lilipunguza gharama sana, na ndilo lililowezesha kaseti kufika bei ambayo mzazi wa Kariakoo aliimudu. Katika kaseti za zamani zaidi huonekana chipu yenye kidirisha cha kioo kilichofunikwa na kibandiko. Kibandiko hicho kisibanduliwe kamwe: chipu ya aina hiyo hufutwa na mwanga wa urujuanimno, na jua la Dar es Salaam linao wa kutosha.

Ukubwa wa gemu hizi unashangaza hadi leo. Super Mario Bros. ya mwaka 1985, yenye dunia zake nane, ina kilobaiti 40 tu. Picha moja ya simu ya kisasa huizidi mara hamsini na zaidi. Kwa sababu hiyo viwanda vya kuiga viliweza kukusanya gemu nyingi kwenye kaseti moja, na hapo ndipo ulipozaliwa ulaghai uliojulikana kwa kila mtoto aliyecheza: kaseti imeandikwa gemu 64, au 9999, au tisa zimepangwa mstari mzima, lakini gemu halisi ni chache. Orodha inazirudia zilezile kwa majina mengine. Moja inaanzia hatua ya tano, nyingine inampa mchezaji maisha zaidi, nyingine imebadilishwa rangi. Aina nyingine, anayoifurahia mkusanyaji, haina orodha kabisa: kila kitufe cha kuanza upya kikibonyezwa, chipu ndogo ya kuhesabu huhamia gemu inayofuata, na baada ya nne inarudi mwanzo.

Miongoni mwa gemu zinazokutwa mara kwa mara ni ile ya vifaru, Battle City, iliyotolewa na Namco mwaka 1985. Wachezaji wawili wanalinda tai aliyezungushiwa ukuta wa matofali, kwa hatua 35. Ndani yake mna sehemu ya kujenga uwanja kwa mkono wa mchezaji: matofali hapa, maji pale, chuma kuzunguka tai. Kaseti haikuwa na betri ya kutunza kumbukumbu, hivyo uwanja uliojengwa kwa nusu saa ulipotea umeme ulipokatika. Katika miaka ya mgawo wa umeme hilo lilitokea sana. Hata hivyo, kwa watoto wengi huo ulikuwa mguso wa kwanza wa kutengeneza kitu ndani ya kompyuta badala ya kukitazama tu, na kaseti ya vifaru inastahili heshima kwa hilo peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani hulipita haraka. Runinga ya PAL huchora picha 50 kwa sekunde, ya NTSC karibu 60, na gemu za Famicom zilihesabu muda kwa picha hizo. Kwenye mashine ya PAL, basi, Mario anakwenda polepole kwa sehemu moja ya sita, na muziki wake pia. Chipu za kuiga za Taiwan zilipangwa ili gemu za Kijapani zisivurugike kwenye mfumo huo, na zikabakisha sauti karibu katika kimo chake cha awali. Kilichobadilika ni mwendo. Muziki ambao mtu wa Dar es Salaam anaukumbuka kutoka utotoni si ule anaousikia leo kwenye simu, na kumbukumbu yake haijakosea. Ili kuusikia tena kama ulivyokuwa, njia ya uhakika ni mashine ya aina ileile ikiwa imeungwa kwenye runinga ya wakati ule.

Runinga hiyo ya zamani, ya chogo, ina umuhimu mwingine. Gemu ya kulenga bata, Duck Hunt ya mwaka 1984, hutumia bunduki yenye jicho la kuhisi mwanga. Kifyatulio kikivutwa, kioo kinakuwa cheusi kwa kufumba na kufumbua, kisha mraba mweupe unatokea mahali alipo bata. Bunduki ikiuona mraba kwa wakati uleule, bata ameanguka. Runinga bapa huchelewesha picha kidogo, na ucheleweshaji huo unatosha kuinyima bunduki shabaha. Mkusanyaji aliyepata bunduki na kaseti lakini akaitupa chogo amebaki na vitu viwili vya kupamba rafu. Kwa bahati mbaya chogo ndizo zinazokwenda haraka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu ya shaba iliyomo.

Utafutaji wenyewe, kwa Kariakoo, hauanzii kwenye vioo vya maduka ya simu. Unaanzia kwa mafundi, hasa wakongwe, wenye maboksi ya mali zilizoachwa na wateja wasiorudi. Anayeuliza gemu za zamani huonyeshwa CD za PlayStation 2. Anayeuliza kaseti za gemu za kuchomeka, na kuonyesha kwa vidole umbo lake, ndiye anayeeleweka. Mitumba ya soko la Karume huleta kitu tofauti: vifaa vilivyotumika vya Ulaya, ambamo huweza kukutwa kaseti halali ya kijivu ya NES au nyeusi ya Sega Mega Drive. Hizo haziingii kwenye mashine za kaseti za njano, na muuzaji hana sababu ya kulijua hilo. Chanzo cha tatu ni nyumba zenyewe. Kariakoo na mitaa ya Jangwani iliyo upande wa juu imeona nyumba za Kiswahili zikibomolewa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa, na kila familia inapohama, makabati ya miaka thelathini hutolewa barazani. Siku hiyo ndiyo siku ya kuuliza.

Muda haupo wa kutosha. Moto wa Julai 2021 kwenye soko kuu la Kariakoo, na ule wa Januari 2022 pale Karume, uliteketeza mali za wafanyabiashara wengi, na bidhaa za zamani zilizosahaulika stoo huungua bila mtu kujua kilichopotea. Bondeni Jangwani adui ni maji. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwaondoa wengine hadi Mabwepande. Mbele ya hasara hiyo kaseti si kitu. Lakini inafaa kujulikana kwamba kaseti iliyozama haijafa. Gemu iliyochongwa ndani ya chipu haifutwi na maji. Kinachoiua ni kuichomeka ikiwa bado na unyevu. Ifunguliwe, bodi ioshwe kwa maji safi kuondoa tope, ipitishiwe spiriti, iachwe kivulini siku kadhaa hadi ikauke kabisa, na mara nyingi itawaka.

Kwa kaseti ya kawaida, ugonjwa mkubwa ni kutu ya pini, na joto na chumvi ya hewa ya pwani huiharakisha. Dawa ya utotoni ilikuwa kupuliza kwa mdomo. Kilichosaidia mara nyingi ni kule kuchomoa na kuchomeka upya. Pumzi iliacha mate na unyevu, na kutu ikazidi. Njia sahihi ni kijiti cha pamba kilicholoweshwa spiriti safi, kikipitishwa kwenye pini hadi pamba itoke nyeupe. Ufutio wa penseli hung'arisha, lakini hula ule utando mwembamba wa juu, na kwenye kaseti za bei nafuu utando huo ni hafifu sana. Utumike mara moja, kwa uangalifu, au usitumike. Petroli na tina zisisogezwe karibu, kwa sababu zinayeyusha plastiki. Baada ya kusafishwa, kaseti iwekwe kwenye boksi linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokutwa ndani ya maboksi ya viatu. Kwa wingi wa maduka ya viatu Kariakoo, hakuna anayeweza kusema amevikosa.

Adapta nayo iangaliwe kabla ya kuwasha. Mashine nyingi za kuiga hutumia volti 9, lakini upande wa chanya na hasi kwenye kichwa cha waya hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda. Kuchomeka kwa kubahatisha kumeua mashine nyingi zilizonusurika miaka ishirini kabatini.

Kuhusu thamani, dunia imeonyesha mambo mawili yasiyolingana. Upande mmoja, Agosti 2021 kopi ya Super Mario Bros. ambayo haijawahi kufunguliwa iliuzwa Marekani kwa dola milioni 2. Na kaseti 26 za rangi ya dhahabu za mashindano ya Nintendo ya mwaka 1990 huwindwa na matajiri. Upande wa pili, utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipatikani tena kwa njia ya kununua madukani. Kaseti za Kariakoo haziko upande wa dola milioni. Nyingi zina thamani ndogo sana ya fedha, na anayezinunua akitarajia utajiri anajidanganya.

Kuna pia wanaozidharau kwa sababu ni za kuiga. Kwamba zilitengenezwa bila ruhusa ya wenye gemu ni kweli, na ukweli huo usifichwe; Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, na hakuna mkusanyaji mwenye akili anayetengeneza kopi mpya za kuuza. Lakini kuzidharau ni kukosea. Kaseti halali za Kijapani zimehifadhiwa Japani kwa maelfu, zimepigwa picha na kuandikwa vitabu. Za kuiga hazina kampuni ya kuzitunzia kumbukumbu. Baadhi zina gemu ambazo hazikutolewa kwa njia nyingine yoyote, kama ile ya Somari, iliyotengenezwa Taiwan mwaka 1994, ambamo Mario anakimbia katika viwanja vya gemu ya Sonic. Orodha za gemu zilitofautiana kati ya shehena na shehena, na ushahidi wa kile kilichochezwa hasa Dar es Salaam uko ndani ya kaseti hizi na kwenye vichwa vya waliozicheza.

Kwa hiyo anayepata kaseti asikimbilie kuisugua na kubandika karatasi mpya ya kupendeza. Kwanza aipige picha mbele, nyuma na kwenye pini, na bodi pia kama imefunguliwa. Aiwashe na kunakili orodha nzima ya gemu, pamoja na makosa yake ya herufi. Kisha aandike kwenye kipande cha karatasi, na kukiweka ndani ya boksi lake, mambo ambayo mashine haiwezi kuyasema: ilinunuliwa mtaa gani, mwaka gani, na kama ilikuwa ya nyumbani au ya kibanda cha kucheza kwa kulipia. Mambo hayo yanajulikana na watu wa miaka thelathini na arobaini waliopo sasa, na wazazi wao waliotoa fedha. Mwenye boksi la namna hiyo juu ya kabati alishushe wiki hii, awaulize nyumbani, na aandike majibu kabla kaseti haijabadilisha mikono.